Ramani Haina Saa

Tangazo lilipigiliwa misumari kwenye shina la mwarobaini ulio langoni mwa bustani yetu. Juu Kiingereza, chini Kiswahili. Kiingereza kiliwaita wakazi mkutanoni, kuhusu mpango wa kaunti wa maegesho ya magari kuizunguka bustani, saa nane mchana, kwa tarakimu zao: 2.00. Aliyetafsiri akaichukua ile mbili akaitia kwenye Kiswahili vivyo hivyo, ikawa saa mbili. Basi Jumanne ile watu wakafika saa mbili asubuhi. Walikuwa thelathini na ushei: akina mama waliokwisha kupeleka watoto shule, madereva wa tuktuk waliomaliza abiria wa alfajiri, wazee wa barazani walioshiba kahawa tungu. Ukumbi umefungwa, mwenye ufunguo hajulikani aliko. Wakakaa kwenye ukingo wa bustani mpaka jua likaanza kuuma, kisha wakatawanyika, kila mmoja na lake la kusema.

Maafisa walifika saa nane. Wakatukuta watu kumi.

Sina budi kukiri jambo hapa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na lile kosa nililiona tangu Jumapili nikipita kununua mahamri. Nilicheka. Jumatatu nikaliandika ubaoni mbele ya kidato cha pili kama mfano wa tafsiri sisisi, ile ya neno kwa neno, wanafunzi nao wakacheka. Kalamu ilikuwa mkononi, mti u mita ishirini kutoka mlangoni pangu, na haikunipitikia kuvuka barabara nikalisahihishe. Nilijua saa ya kweli, nikaenda kwa saa ya kweli, na nikajikuta nimekaa na wenye nyumba watatu, wenye maduka ya spea wawili, mkuu wa shule ya kibinafsi, mzee wa mtaa, mfanyabiashara mmoja wa saruji na kijana aliyeingia kwa sababu aliona kreti ya soda. Ukimtoa kijana, kila mmoja wetu alikuwa na gari au aliishi kwa kuwauzia wenye magari.

Mji sitautaja. Ni wa mwambao wa Kenya, na wenyewe wakisoma watajijua. Bustani ni ndogo, haifiki kiwanja cha mpira. Ina miarobaini tisa, mbuyu mmoja ambao hakuna anayejua umri wake, mabembea mawili (moja lilikatika mnyororo, likabaki kuwa kiti cha wavulana wa jioni) na birika la maji lisilo na maji. Barabara inaizunguka pande zote, na vichochoro viwili vinaiunganisha na barabara kuu. Mimi ninakaa upande wa kusi. Shule iko magharibi, msikiti kaskazini, maduka ya spea yote mashariki. Wageni huona bustani iliyozungukwa na magari. Sisi tuliozaliwa hapa huona mambo sita au saba tofauti, kutegemea ni saa ngapi, lakini hilo nilikuwa bado sijalijua hata mimi.

Afisa alitandika ramani mezani. Ilikuwa ramani nzuri, sitamwonea. Bustani ya kijani, barabara ya kijivu, na nafasi za magari vistatili vyeupe vilivyolala mshazari kama punje za mchele. Nafasi arubaini na mbili. Kila moja mita mbili na nusu kwa tano. Barabara ingekuwa ya njia moja, kinyume cha mwendo wa saa. Steji ya tuktuk ingehamishwa nyuma, karibu na kichochoro cha mashariki. Ukingo wa bustani ungekatwa kidogo pande mbili ili punje za mchele zienee. Biashara za kandokando zingeondolewa. Na ada ingetozwa, kiwango kingetangazwa baadaye.

Nilichaguliwa kuandika kumbukumbu kwa sababu hati yangu inasomeka. Niliandika kama ninavyofundisha: waliohudhuria, waliotuma udhuru, waliokosa bila udhuru. Hapo pa mwisho nikaandika deshi. Nikanyoosha mkono pia, nikaunga mkono mpango. Nikasema ni wakati mtaa upate mpangilio. Nina kigari changu kidogo, na miaka mingapi nimeegesha mbali nikatembea na madaftari ya kusahihisha begani! Kikao kiliisha baada ya dakika hamsini, soda zikanyweka, na afisa akatushukuru kwa ushirikiano.

Usiku, baada ya Isha, nilikwenda kununua viazi karai kama kawaida. Mama anayevikaanga ana meza yake chini ya mwarobaini wa tatu kutoka langoni, miaka kumi na minane sasa. Alinifungia vya shilingi hamsini, akatia pilipili ya ukwaju, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini asisikike na wateja: "Mwalimu, mimi kwenye ile karatasi nimechorwa wapi?"

Nikamwambia sikumbuki. Nilikuwa nakumbuka vizuri sana. Palikuwa na punje ya mchele pale.

"Maana sisi tulikuja asubuhi," akasema, na hakuongeza neno.

Nilirudi nyumbani na viazi vikapoa vile vile kwenye karatasi. Nikatoa kumbukumbu zangu nikazisoma upya. Hapakuwa na uongo ndani yake hata mstari mmoja, na bado zilikuwa zimesema uongo mtupu, kwa kuwa watu thelathini waliokuja na kukuta mlango umefungwa hawakuwa mahali popote. Kwenye aina ya uandishi ninayoifundisha, hakuna kichwa cha "waliokuja tukawafungia".

Mawazo ya daftari hayakuwa yangu. Yalikuwa ya ami mmoja muuza kahawa, mtu wa miaka sabini na kitu, aliyefanya kazi bandarini kama karani wa kuhesabu shehena. Nilipomweleza shida, alisema bandarini hakuna aliyekuwa akibishana naye kwa kuwa yeye alikuwa na hesabu na wao walikuwa na maneno. "Wale wamekuja na ramani. Nyinyi nendeni na hesabu." Ami huyu huyu ndiye aliyenikumbusha habari za bustani ya Jeevanjee kule Nairobi, iliyotolewa na tajiri wa Kihindi mwanzoni mwa karne iliyopita iwe ya watu wote, na jinsi mwaka 1991 ulivyoletwa mpango wa kujenga juu yake jengo la ghorofa lenye maegesho ya magari. Mjukuu wa tajiri yule, Zarina Patel, alisimama kuipigania pamoja na wengine, na bustani ipo mpaka leo, watu wanapumzika kwenye nyasi. Ami aliikumbuka habari ile kama mtu anavyokumbuka mechi. Lakini yetu haikuwa vita ya namna hiyo. Hakuna aliyetaka kujenga ghorofa. Walitaka kupaka mistari, na mistari haiamshi mtu usingizini.

Nikanunua madaftari sita ya kurasa tisini na sita. Nikawaomba wanafunzi wa kidato cha pili, wale wale waliocheka tafsiri, wakae kwa zamu wawili wawili kwenye pembe nne za bustani. Kila saa wanaandika: magari mangapi yameegeshwa, rangi gani, aina gani, ni yale ya saa iliyopita au mapya, na watu wangapi wamo bustanini na wanafanya nini. Siku sita, Jumatatu hadi Jumamosi, alfajiri mpaka saa tatu usiku. Zamu za kiza nilizifanya mimi na ami. Jumapili tulihesabu asubuhi tu, kwa ajili ya kanisa la mtaa wa pili ambalo waumini wake huegesha kwetu.

Kilichotokea kwenye daftari zile ndicho ninachotaka kueleza kwa kirefu, maana ndicho nilichojifunza na mengine yote ni vijitawi.

Alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili, upande wa mashariki hauna gari hata moja linalotembea. Una mikokoteni. Mchicha na nyanya zinashushwa pale, zinagawanywa, zinaondoka. Saa kumi na mbili u nusu mikokoteni imetoweka kama haikuwapo, na upande wa magharibi unafurika magari ya shule. Kuna dakika arubaini ambazo hapo ni honi na vilio vya watoto wa chekechea. Saa moja u nusu pametulia, unaweza kulala chini. Kutoka saa tatu mpaka saa kumi, mashariki ni wateja wa spea, na mteja wa spea hakai: anashuka na bampa lake lililovunjika, anabishana bei, anaondoka. Wastani waliokadiria wanafunzi ulikuwa dakika ishirini na tano. Ijumaa kutoka saa sita mpaka saa nane kaskazini kote ni ya msikiti, mpaka magari yanapandana. Baada ya Alasiri watoto wanashuka bustanini. Baada ya Magharibi magari ya spea yameondoka, na familia zinakuja: baba anaegesha, mama na watoto wanashuka, viazi, mishikaki, mihogo ya kukaanga, juisi ya ukwaju. Ukienda Mombasa jioni, pale ufukweni Mama Ngina ambapo watu hula mihogo yao wakitazama bahari, ndiyo hali hiyo hiyo, isipokuwa sisi hatuna bahari ya kutazama, tunatazamana. Saa tatu usiku wenye nyumba wanarudi na magari yao yanalala.

Yaani pale pale, futi ile ile ya lami, ina wenyewe saba kwa siku moja, na wenyewe hao karibu hawakutani. Kila mmoja anaamini ni pake. Na kila mmoja ana haki, kwa saa yake. Mwezi wa Ramadhani ratiba yote inapinduka: mchana pamekufa, na baada ya tarawehe pamejaa mpaka usiku mkubwa. Ramani ya afisa ilikuwa kweli kabisa, ila ilikuwa kweli ya saa nane mchana, siku ya Jumanne. Ramani haina saa. Nilipolisema hilo kwa ami alitikisa kichwa akasema meli nayo huonekana tupu ukiitazama baada ya kushusha.

Jambo la pili lililotoka daftarini lilinikata maini. Katika magari yaliyokuwa yameegeshwa kuzunguka bustani, kumi na moja hayakusogea hata mara moja siku zote sita. Mvulana mmoja mwenye akili ya kikorofi aliyapa kichwa chake: "Marehemu." Akayaorodhesha. Mawili ya fundi wa kichochoroni, yanangoja injini. Moja la mwenye nyumba ambaye mkutanoni alilalamika kuliko wote kwamba mtaa hauna nafasi. Moja halina magurudumu, limekaa juu ya mawe. Moja lina paka na watoto wanne. Na la tisa: "Pijo 504 nyeupe, matairi yamelala, ya Mwalimu."

Ile Pijo ilikuwa ya mume wangu. Aliiegesha mwenyewe upande wa kusi, chini ya mwarobaini wa tatu, siku chache kabla ya kulazwa, na hakurudi kuiwasha. Nilikuwa nimeacha kuiona, kama mtu anavyoacha kuiona picha ukutani. Sikuwahi kuihesabu kama gari. Nilikuwa nikienda mkutanoni kusema mtaa hauna nafasi, huku nimekalia nafasi kwa mwaka wa saba. Mvulana aliyeandika hakuinua uso aliponikabidhi daftari. Nilimpa tiki, nikamsahihishia "magurudumu", neno alilokosea, nikafunga.

Nafasi kumi na moja kati ya arubaini na mbili! Robo ya kile walichotaka kukichonga kutoka kwenye bustani kilikuwa tayari kipo, kimekaliwa na vyuma vyetu wenyewe.

Basi tukaandika ombi. Binti wa jirani anasomea uwakili, akatufungulia Katiba. Alitusomea Jedwali la Nne, pale panapoorodhesha kazi za kaunti, na nikashangaa: barabara za kaunti, trafiki na maegesho yamo, na viwanja vya burudani na bustani vimo pia, orodha ile ile. Mkono mmoja ndio umepewa bembea na umepewa tikiti za maegesho, na mtu ukimpa mbuzi na majani akulindie vyote viwili inabidi umtembelee mara kwa mara. Akatuonyesha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 87, kinachotaka wananchi wapewe habari kwa wakati ufaao, na cha 88, kinachowapa haki ya kuwasilisha ombi. Akatueleza pia kwamba mwaka 2019 Mahakama ya Upeo, katika kesi iliyoletwa na kampuni ya sigara, iliweka wazi kuwa kuwashirikisha wananchi kuwe kwa kweli, kusiwe kwa kutimiza desturi. Ombi letu halikuwa na makali. Lilisema: tangazo lilikosewa saa, watu walikuja hawakusikilizwa, tunaomba mkutano wa pili, na tuna hesabu. Tukaambatanisha nakala za daftari. Sahihi mia moja na sitini na kitu, na dole gumba tatu.

Nilidhani tutapuuzwa. Baada ya majuma matatu ukaja mkutano wa pili. Baadaye afisa aliniambia kilichowasukuma hakikuwa vifungu. Zilikuwa zile daftari. Hajawahi, alisema, kuletewa hesabu na mtaa. Kila mara huletewa matusi.

Mkutano wa pili tuliupanga wenyewe: Jumamosi, baada ya Alasiri, chini ya mbuyu, palepale panapozungumzwa. Viti vya chama cha maziko. Tangazo nililiandika mimi, kwa Kiswahili kwanza, na saa nikaiandika kwa maneno na sala yake kando ili asipotee mtu. Na hatukuitundika ramani. Ami alipendekeza tuichore chini. Wavulana walichukua chokaa wakapiga mistari ya punje nne za mchele barabarani, kipimo kamili, mshazari vile vile kama karatasini.

Hapo ndipo watu waliposema. Mtu asiyejua kusoma ramani anajua kusoma barabara anayoikanyaga kila siku. Mzee anayetembelea kiti cha magurudumu alijaribu kupita kati ya ukingo na pua za magari, kiti hakikupita. Imamu akauliza jeneza litapita wapi, maana tunalibeba kwa miguu kutoka msikitini kuelekea makaburini, na njia moja ingetufanya tukabiliane na magari uso kwa uso. Dereva wa gari la shule akaombwa aegeshe kwenye mstari, kisha atoke. Kuingia aliingia vizuri. Kutoka ndiyo shida: akiwa ameingia kwa pua, lazima arudi nyuma kwenye barabara bila kuona. Tulikuwa tumeweka kiti cha plastiki nyuma yake, mahali pa mtoto. Alitazama vioo vyote viwili, akarudi taratibu kabisa, dereva mwangalifu yule, na kiti kikalia kraa.

Hakuna aliyecheka. Akina mama walishika watoto wao mikono.

Kisha likaja suala la upande wa mzunguko. Hili lilitolewa na mama mmoja muuza maandazi, si mimi wala afisa. Kenya tunaendesha kushoto, na mlango wa gari la shule uko kushoto. Magari yakizunguka kinyume cha saa, bustani itakuwa kushoto, mlango utafunguka bustanini, na watoto watalazimika kukata barabara nzima kwenda shule. Yakizunguka kama mshale wa saa, mlango unafunguka langoni mwa shule. Rahisi hivyo. Afisa alikuwa na sababu yake njema, alitaka magari yatoke barabara kuu kwa kupinda kushoto bila kukatisha foleni, na alieleza bila hasira. Mtu mmoja wa nyuma akasema kinyume cha saa si kibaya, hata tawafu huenda hivyo. Imamu akamjibu kwamba gari halijaenda kuhiji. Hapo kicheko kikatupoza sote.

Kuhusu mwendo tuliongea kidogo tu. Njia ikiwa moja, dereva hukanyaga mafuta kwa kuwa hana wa kumkabili. Kila mtu alilijua hilo. Sheria ya mjini inaruhusu kilomita hamsini kwa saa, na hamsini kando ya bembea ni nyingi mno. Matuta mawili yakakubaliwa bila ubishi.

Kilichotoka mwishoni hakikumridhisha yeyote kikamilifu. Njia moja ilikubaliwa, kwa mwendo wa saa. Nafasi zilishuka kutoka arubaini na mbili hadi ishirini na nne, zote za kulala sambamba na ukingo, hakuna mshazari. Ukingo wa bustani haukukatwa. Magari marehemu yapewe siku thelathini. Upande wa mashariki ni wa kushusha mizigo hadi saa moja asubuhi, wa wateja mchana, na baada ya Magharibi hauegeshwi bali ni wa meza, pamoja na sehemu ya kusi chini ya miarobaini mitatu ya kwanza. Kibao cha saa kiliwekwa, kwa saa za Kiswahili. Niliisoma ibara hiyo kwenye rasimu mara tatu kuhakikisha.

Ila kuna waliopoteza, na mkono wangu umo. Madereva wa tuktuk hawakuja mkutano wa pili. Baada ya Alasiri Jumamosi ndiyo saa yao ya mapato, watu wanatoka sokoni. Nililijua hilo, limo daftarini, kwa hati za wanafunzi wangu: "saa kumi, tuktuk hakuna hata moja stejini, zote ziko kazini." Sisi tuliolia kwamba tumeitiwa saa isiyo yetu, tuliwaita wenzetu saa isiyo yao. Steji yao ikahamishwa nyuma bila wao kusema neno, na kumbukumbu nilizoandika mimi zilisema kwamba hapakuwa na pingamizi. Miezi miwili baadaye walikuwa wamerudi langoni mmoja mmoja, kwa sababu bibi mwenye magoti mabovu hatembei mpaka kichochoroni kufuata tuktuk. Askari wa kaunti wanawafukuza, wanarudi. Nilikwenda kuwaomba radhi stejini, saa tano asubuhi wanapopumzika. Mmoja wao, kijana niliyemfundisha, alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Sawa Mwalimu, lakini sisi namba zetu za simu unazo." Kweli ninazo. Nusu yao wamo kwenye simu yangu.

Ripoti rasmi ilipotoka niliiomba kwa barua, nikitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayowapa siku ishirini na moja kujibu. Walijibu siku ya kumi na tisa. Mkutano wetu wote, kiti kilichovunjika, jeneza, mzee wa kiti cha magurudumu, ulikuwa sentensi moja: wakazi waliunga mkono mapendekezo yakiwa na marekebisho. Niliambatanisha kumbukumbu zangu kurasa kumi na moja nikazirudisha, nikaomba ziwekwe kwenye faili. Sasa kila kikao ninachoandika kina safu mbili ambazo sikufundishwa chuoni. Moja ni saa ya mkutano na nani saa hiyo yuko kazini. Ya pili ni kilichokataliwa na sababu yake. Mkuu wa somo shuleni hapendi, anasema si muundo uliomo kwenye silabasi.

Pijo ilibaki. Siku ishirini na tisa kati ya zile thelathini nilikuwa na sababu. Shemeji alipiga simu kutoka Malindi kusema nisiuze kitu cha marehemu ndugu yake kwa wauza vyuma, na alikuwa na haki ya kusema. Nikamwambia aje aichukue basi; akasema atafikiria. Siku ya thelathini fundi akaja na winchi na wavulana wawili. Ndani tulikuta miwani ya jua, risiti ya petroli, na tasbihi imening'inia kwenye kioo, jua limeifanya nyeupe. Tasbihi niliichukua. Winchi ilipovuta, matairi yalitoa sauti kama ya kitu kinachong'olewa ardhini, na paka mmoja akatoka mbio chini yake; kumbe walikuwa na nyumba ya pili.

Palibaki doa jeusi la mafuta na majani makavu ya miaka saba. Nikafagia. Robo saa haikupita nikasikia gari linapunguza mwendo nyuma yangu. Dereva akashusha kioo, mtu mgeni, akaangalia pale pakavu kisha akaniangalia mimi na ufagio wangu.

"Mama, hapa pana mtu?"

Mama wa viazi alikuwa anavuka barabara na karai lake tupu kichwani, anakwenda kulisugua.

"Mpaka Magharibi, hapana," nikamwambia.